Kipa wa Katani na Posa ya Athumani

Athumani hakujua kunyamaza, na hilo lijulikane mapema. Ungemziba mdomo kwa plasta, angeongea kwa nyusi. Na katika yote aliyoyaongea tangu aje Doha kuendesha gari la familia moja huko Umm Salal, hakuna lililomtoka mdomoni kama habari za timu ya kwao, Katani FC ya Muheza.

Usiniulize Katani FC ni timu gani. Ni timu ya daraja la kwanza, maskini wa Mungu, haina basi wala mdhamini wa maana. Mchezaji wake akianza kung'ara tu, timu za Dar zinamzoa kabla jezi yake haijachuja. Wanaobaki ni wazee wenye magoti mabovu, vijana waliomaliza shule juzi, na kipa Idrisa.

Idrisa, jamani! Kijana mrefu, mpole, anayependwa na mji mzima kwa sababu ni mtoto wa pale pale. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo ni kudaka.

Kila Ijumaa yenye mechi Athumani alishuka Al Wakrah, kwenye vyumba viwili alivyopanga Faraji na mkewe Mwanaisha, wote wawili wafanyakazi wa hoteli moja mjini. Mwanaisha alipika pilau, Faraji alitandika mkeka, na baadaye aliingia Wanjohi, Mkenya wa Nyeri, mtu wa kompyuta, akitokea kanisani Mesaimeer na tai yake shingoni, maana Doha ibada kubwa ya wiki huwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Wanjohi alikuja mara ya kwanza kwa ajili ya pilau. Siku hiyo Katani wakafungwa manne, akawaonea huruma, na tangu hapo akawa shabiki kuliko wenyewe. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa tawi la Doha, nalo wanachama wake walikuwa hao hao.

Sasa, mechi za Katani hazionyeshwi televisheni. Aliyewatangazia ni Mzee Mhina, mkulima wa machungwa, ambaye kila mechi alikaa nyuma ya benchi la makocha na kuwapigia tawi simu ya intaneti. Sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri, kwa hiyo simu yake aliiweka spika, sauti hadi mwisho. Huku Wakrah, Faraji aliitumbukiza simu yake ndani ya bakuli la udongo ili sauti ijae chumba, wote wakalizunguka bakuli kama wanasubiri kula.

Kulikuwa na sheria moja tu. Mpira ukianza, maiki ya upande wa Doha izimwe, maana tawi lilikuwa na desturi ya kumchambua kila mchezaji mpaka mfupa, na si adabu mzee asikie. Kazi hiyo ya kuzima ilikuwa ya Wanjohi, mtaalamu.

Na ungewasikia wakichambua! Faraji alitaka beki wa kushoto apumzishwe, kwamba anakimbia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wanjohi alitaka washambuliaji wawili. "Manze, mnacheza na mtu mmoja mbele, atapigiana pasi na nani? Na refa?" Athumani yeye mada yake ilikuwa langoni. Idrisa atoke, aingie Kibwana, kijana wa benchi. Aliyasema hayo akila, akinawa, akivaa viatu kwenda nyumbani.

Halafu akaja Rukia.

Rukia alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ile ile, na Mwanaisha ndiye aliyemleta Ijumaa moja kumsaidia jikoni. Mtu wa Muheza, mcheshi, ana jicho la kuona uongo ukiwa bado unavaa ndala. Athumani alimpenda hata kabla birika la chai halijachemka. Hakujificha wala hakuzungusha, alituma wazee wake wakapeleke posa. Na hapo ndipo alipoingia matatani, maana Rukia ni dada yake Idrisa, tumbo moja, na kwa kuwa baba yao alishafariki, mwenye kupokea posa alikuwa baba yao mdogo, yaani Mzee Mhina mwenyewe wa kwenye bakuli.

Mzee alipokea posa vizuri. Akasema, "Nitamuuliza mtoto mwenyewe, na jibu nitalitoa ligi ikiisha. Ligi ikiwa inaendelea mimi sina akili ya mambo mengine."

Basi Athumani akageuka. Loo, aligeuka! Idrisa akawa kipa bora nchini. Akifungwa, mabeki wazembe. Mpira ukimpita mikononi, mpira mbovu. Siku moja alifungwa bao kutoka karibu na katikati ya uwanja, Faraji akashika kichwa, Athumani akasema kwa utulivu kabisa, "Jua lilimpiga machoni."

Rukia alikuwa mlangoni na sinia la glasi. "Si Baba mdogo amesema mvua inanyesha?"

"Ndiyo."

"Na jua lilimpiga?"

"Jua la mvua," alisema Athumani. "Baya sana hilo."

Wanjohi alicheka mpaka akapaliwa. Rukia hakucheka. Aliweka glasi chini, akamtazama Athumani kwa muda, akarudi jikoni. Athumani, masikini, akadhani amefurahi. Usiku ule akiendesha kurudi Umm Salal alijiona keshaoa.

Ikafika mechi ya mwisho. Kwa hesabu za ligi haikuwa na maana yoyote, Katani hawapandi wala hawashuki. Lakini walikuwa wanacheza na majirani wao wa Korogwe, na mtu wa Muheza yuko radhi ashuke daraja kuliko kufungwa na Korogwe. Na kwa Athumani, filimbi ya mwisho ndiyo ilikuwa jibu la posa. Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, amejipulizia udi, hata Faraji akamuuliza kama anaenda kuzikwa au kuozeshwa.

"Shikamoo mzee!" wakaitikia wote bakuli lilipokohoa.

"Marahaba wanangu. Tumepanga kikosi kile kile, ila leo mbele wako wawili. Golini Idrisa."

"Safi sana!" akadakia Athumani. Faraji akamtazama kama anamtazama mgonjwa.

Wanjohi siku hiyo alichelewa. Misa ilikuwa ndefu, kisha kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa Cherotich, nesi mwenzake wa kanisani, na keki ikachelewa kukatwa. Alipoingia mpira umeshaanza na njaa inamuuma. Mwanaisha alimkabidhi sahani iliyojaa, naye akakaa, akazamisha mkono kwenye pilau, vidole vikajaa mafuta. Simu ikabaki kwenye bakuli kama ilivyo. Kila mmoja alijua maiki imezimwa, kwa sababu Wanjohi yupo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Katani wakafunga la kwanza, wakafunga na la pili, na Mzee Mhina akapiga kelele mpaka bakuli likatetemeka. Faraji akakiri kwamba beki wa kushoto leo kaamka. Wanjohi akadai ni kwa sababu kocha hatimaye kaweka wawili mbele, jambo ambalo yeye alilisema tangu zamani. Mwanaisha akaleta kachumbari. Walikuwa na raha yao, kiyoyozi kinanguruma, mambo mazuri.

Kipindi cha pili Korogwe wakapiga kona. Idrisa akatoka, akasita, akarudi, mpira ukaingia. Athumani akameza mate. "Alisukumwa," akasema.

"Hajaguswa na mtu," alisema Faraji.

"Alisukumwa kidogo."

Kisha, jamani, likaja lile la pili. Mzee Mhina alikuwa anatangaza kwa raha, beki anamrudishia kipa, mpira wa taratibu, wa kuokota tu, Idrisa anainama... halafu uwanja mzima ukaguna. Umepita katikati ya miguu.

Kitu kikakatika ndani ya Athumani. Majuma yote yale ya kumeza maneno yakapanda kwa pamoja. Alisimama na kanzu yake, glasi ya juisi ikapinduka, naye akalipigia bakuli ukelele.

"Mtoeni! Mtoeni huyo, jamani! Huyo si kipa, ni pazia! Mpira ukija anafunguka pembeni upite! Tangu Septemba nasema! Kibwana yuko benchi anaota ukungu, na kocha anaogopa nini? Anaogopa ukoo wa Mhina!"

Kule Muheza sauti yake ikatokea kwenye spika ya mzee, nyuma kabisa ya benchi la makocha. Halafu likasikika cheko moja la mbali, likafuata lingine, kisha sauti ya mtu wa jukwaani akirudia kwa furaha, "Pazia!" Na uwanja wa Muheza, ambao haukuwa na la kufurahia kwa muda mrefu, ukalidaka. "Pazia! Mtoe pazia!"

Wanjohi aliacha kutafuna. Aliangalia vidole vyake vya mafuta, akaiangalia simu. "Wueh," alisema taratibu. "Sikuzima."

"Nani huyo?" Sauti ya Mzee Mhina ilikuwa imekauka. "Nauliza, nani huyo aliyeutaja ukoo wangu?"

Wanjohi, Mungu ambariki, akaruka mbele. "Ni mimi mzee. Wanjohi. Nimekosea, nisamehe."

"Wewe Wanjohi ni mtu wa Nyeri. Mimi namsikia mtu wa Muheza."

Athumani alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Faraji alimkonyeza anyamaze, Mwanaisha akamvuta kanzu. Rukia alikuwa amesimama mlangoni na taulo la jikoni mkononi, anamtazama yeye. Athumani aliogopa, aliogopa kwelikweli, kama mtoto anayeitwa mbele ya darasa.

"Ni mimi mzee," alisema. "Athumani. Shikamoo."

Simu ikakatwa.

Hakuna aliyegusa pilau. Faraji alipiga tena, haikupokelewa, akapiga tena, vile vile. Athumani alikaa chini na kuanza kufuta juisi kwenye mkeka kwa leso yake nzuri. Alijua imekwisha. Kamtukana mdogo wa mtu, kamtukana baba wa mtu, tena mbele ya mji mzima, na siku yenyewe ya jibu.

Rukia akaja, akachuchumaa, akamnyang'anya leso na kufuta kwa taulo. "Yale uliyosema," alisema, "unayaamini?"

"Nimemvunjia mzee heshima. Nitamwomba radhi, hata nikipanda ndege. Na kumwita kijana pazia nimevuka mpaka."

"Sijauliza hayo."

Athumani akamtazama. Hakuwa na cha kupoteza tena. "Mdogo wako hajui kudaka, Rukia. Ni kijana mwema, ana moyo, lakini mpira wa juu anauogopa na wa chini haumtii. Nilikuwa nakudanganya. Nilitaka nikuoe."

"Ulinidanganya ili unioe!"

"Ndiyo."

"Unajua Baba mdogo ameniuliza mara ngapi nimpe jibu? Kila akiuliza namwambia subiri. Nakutaka, Athumani, lakini nikajiuliza, mtu anayeweza kunitazama usoni akaniambia jua la mvua, siku akirudi nyumbani alfajiri ataniambia nini?" Alikamua taulo ndani ya glasi tupu kwa hasira, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. "Leo ndiyo nimekusikia kwa mara ya kwanza."

Simu ikaita. Rukia akaichomoa kwenye bakuli na kuitika kabla Faraji hajanyoosha mkono.

"Rukia!" Mzee Mhina alikuwa bado anafoka. "Kocha kamtoa mdogo wako! Uwanja mzima unaimba! Mimi na uzee wangu nimekaa hapa naimbiwa pazia! Na huyo ndiye anayetaka nimpe binti?"

"Kakosa adabu, Baba mdogo. Ataomba radhi, tena nitamsimamia mwenyewe. Lakini jibu la posa ni la uwanja au ni langu?"

Mzee akapumua kwa nguvu. "Ni lako."

"Basi nimekubali."

Mwanaisha akapiga kigelegele, akajiziba mdomo kwa kuchelewa. Athumani alibaki ameshika leso iliyolowa, macho yamemtoka. Kutoka Muheza ukasikika uwanja ukiguna kwa kitu ambacho hapa chumbani hakikujulikana.

"Nilisema ligi ikiisha," alinung'unika Mzee Mhina. "Bado dakika kumi." Lakini hasira ilikuwa imeanza kumtoka, wote waliisikia ikitoka. "Ngoja. Ngoja, huyu hapa ananinyang'anya simu. Idrisa! Mwanangu, si uko benchi wewe, kaa chini!"

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti changa inayohema, ya mtu aliyetoka uwanjani muda si mrefu na glavu bado mikononi. Haikuwa na kinyongo. Ilikuwa na uchovu, na chini ya uchovu huo kicheko kidogo.

"Haloo? Shemeji upo hapo? Kibwana wako huyo kafungwa sasa hivi, la kichwa, hata hakuruka. Sasa niambie shemeji, tumweke nani?"

Chumba kizima kikamgeukia Athumani. Mdomo ulikuwa wazi, na ndani yake hakukuwa na neno hata moja. Rukia alimsogezea simu mpaka ikamgusa kidevu.

"Mjibu basi," alisema. "Shemeji yako anakuuliza."