Bega kwa Bega

Picha ya Therese ilikuwa kwenye kioo cha kushoto cha kompyuta, ya Celestin kwenye cha kulia, na baina ya vioo hivyo viwili palikuwa na mwanya wa upana wa kiganja. Bibi Nyirabageni, aliyetembea tangu alfajiri kutoka Nyabiyonza, aligeuza shingo huku na huku kama mtu anayeitwa na sauti mbili.

"Ndio wao, bibi?" Auleria alimuuliza.

"Mwanangu, waniuliza kama nayajua magoti yangu?"

Mwaka ulikuwa 1997. Wajukuu hao walipotezana naye, na wao kwa wao, katika kuvikimbia vita vya Rwanda. Sasa kila mmoja alikuwa akilelewa katika kituo chake, mbali. Auleria, karani wa ofisi ya kanisa iliyotafuta jamaa za watoto kama hao, alikuwa amemsomea bibi barua iliyokuja na picha ya Celestin: mtoto amesusa chakula, anaamini dada yake amekufa, anasema hawezi kula peke yake.

"Basi mpelekeeni picha ya Therese, aone yu hai," bibi alisema. "Na Therese apate ya kaka yake."

Programu ya kompyuta iliyohifadhi picha hizo haikukubali kuzichapa. Auleria akakumbuka kitufe kinachonakili kila kinachoonekana. Akakibonyeza, akachapa. Karatasi ikatoka na vioo vyote viwili, pamoja na majina, namba na hata saa ya pembeni. Uso ukamshuka. Alikuwa mtu wa kazi safi. Nukta moja ikikosewa, hurudia barua nzima. Akachukua mkasi.

Bibi akamshika mkono. "Wafanya nini?"

"Nawatenganisha, bibi. Mashine imewabananisha."

"Vita viwatenganishe, nawe uwatenganishe tena?"

Auleria akaitazama karatasi upya. Ule mwanya wa baina ya vioo haukuwamo. Bega la Therese liligusana na la Celestin, kana kwamba mpiga picha aliwaambia wasogeleane. Akaurudisha mkasi kwenye mtoto wa meza, akachapa nakala ya pili, kisha ya tatu bila kuombwa. Mbili akazitia kwenye bahasha za vituo. Ya tatu akampa bibi kwa mikono miwili.

"Therese amenuna," bibi alisema. "Huyu lazima amemkanyaga."

Auleria akacheka. Bibi naye akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akainamia karatasi na kuanza kumkaripia Celestin kwa Kinyarwanda, taratibu, asogee kidogo ampishe dada yake.