Joto Lililoko Nje ya Mstari

Usingizi unamchukua Tusekile mchana kweupe, kwenye meza ya maktaba ya chuo, penseli mkononi na swali la mtambo wa mvuke mbele yake halijafika popote. Amemwomba Nyamizi, anayelala naye chumba kimoja, amwamshe kabla ya mtihani, na Nyamizi amesema, Lala tu, nitakuja, wewe si mtu wa kuachwa. Mtihani wenyewe ni wa marudio ya Themo, somo la joto na kazi ndani ya mashine, na kila mwanafunzi wa uhandisi anajua kwamba anayeanguka kwenye marudio hufungashiwa virago. Tusekile naye anajua. Anajua kwamba akianguka leo uhandisi umekwisha, atakunja godoro na kurudi Tukuyu kwenye nyumba isiyo na mtu. Anajua, lakini haliingii ndani. Hakuna kilichoingia ndani tangu masika, alipokwenda kumzika mama yake akarudi chuoni kabla matanga hayajaanuliwa, kwa sababu mitihani ilikuwa inaanza. Msibani hakulia. Shangazi zake walimtazama, kisha wakatazamana wao kwa wao. Chuoni hakumwambia mtu, hata Nyamizi. Alisema tu alikuwa na dharura nyumbani. Akakaa kwenye mtihani, akaanguka, na karatasi yake ikarudi imejaa wino mwekundu wa mwalimu Mbilinyi, kosa lile lile kila ukurasa. Kila mahali palipohitaji joto, Tusekile alikuwa ameandika sifuri, na pembeni ya kila sifuri mwalimu ameuliza, Nani kakuambia?

Haki ya Mungu waliomwambia ni wengi. Mitihani ya miaka ya nyuma, ile ambayo wanafunzi wanarithishana na kuikariri usiku na mchana, karibu maswali yake yote yanamalizia kwa maneno, chukulia kwamba hakuna joto linalopotea. Mtu akishayazoea anaacha kusoma mwisho wa swali, anaweka sifuri yake na kusonga mbele, na hesabu inakuwa nyepesi ajabu. Hata sasa, macho yanajifumba na sifuri iko tayari kwenye ncha ya penseli. Kinachobaki ni mpaka tu. Mtu wa Themo huanza kwa kuchora mpaka, mstari wa vipande vipande kuuzunguka mtambo, ili ajue kilichomo na kilichoko nje. Tusekile anauchora, kipande, nafasi, kipande, nafasi, na mstari badala ya kurudi ulikoanzia unatoka kwenye karatasi, unapita juu ya meza, unateremka mguu wa meza, unakatiza sakafu hadi mlangoni, naye anaufuata kwa kuwa penseli bado iko mkononi mwake na hana sababu ya kuiachia.

Nje hakuna bustani ya chuo. Kuna barabara moja iliyokatika vipande, kipande cha lami, nafasi tupu, kipande cha lami, na Tusekile anaruka kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kuchoka na bila kufurahi. Mkono wake wa pili umebeba chupa ya chai, ile nyekundu yenye maua ambayo mama yake alimpa alipoanza chuo, ambayo tangu masika imekaa chini ya kitanda haijaguswa. Hashangai kuiona. Ni nzito, imejaa, kifuniko kimekazwa. Anaruka na kuruka mpaka anamwona mwanamume amesimama katikati ya njia, amevaa ovaroli ya fundi, na mahali pa uso ni laini tu, hapana jicho wala mdomo. Shikamoo, anasema Tusekile, maana adabu aliyolelewa nayo haikumfundisha la kufanya na mtu asiye na uso. Marahaba, anajibu yule mtu, na sauti inatoka kifuani. Nini kinaingia, nini kinatoka, nini kinabaki? Tusekile anasema hajui, amepotea, anatafuta njia ya kurudi kwenye mtihani. Njia ni hesabu, anasema yule mtu. Anayejua kinachobaki anatoka. Asiyejua anabaki yeye.

Wanaingia mjini, yule mtu akiwa kiongozi. Mji wote ni kuta zilizong'arishwa, na kila ukuta unamwonyesha Tusekile akitembea na chupa, Tusekile kumi, Tusekile mia, hakuna hata mmoja anayetoka jasho. Kwenye kila baraza amekaa mtu mwenye bomba la mvuke linaloingia begani na jingine linalotoka kiunoni, na mikononi anazungusha shafti, mhimili mrefu wa chuma unaopotea ukutani. Hawazungumzi. Hawageuki. Wanaonaje maisha yao? anauliza Tusekile. Hawaoni kitu, anasema kiongozi, wametulia, kinachoingia ndicho kinachotoka, leo kama jana. Tusekile anawatazama na kuona si maisha mabaya, mtu anaweza kuishi hivyo. Kiongozi anamsimamisha mbele ya mwanamke mmoja na kumwambia, Fanya huyu. Mvuke unamwingia na nishati ya elfu tatu na mia mbili, unamtoka na elfu mbili na mia tano. Tusekile hahitaji hata kuandika. Mia saba, anasema, hiyo ndiyo kazi ya shafti. Kiongozi anashika shafti, anaipima kwa kiganja na kusema, Shafti inatoa mia sita na hamsini. Hamsini iko wapi? Tusekile anatafuta. Anaangalia bomba la kuingia, bomba la kutoka, anazunguka nyuma ya yule mwanamke, kisha anarudi kwenye alichozoea, anaandika ukutani kwamba joto ni sifuri. Nani kakuambia? anauliza kiongozi. Na ukuta unanenepa, unajifunika tabaka jingine, na sauti ya mitambo inasikika kwa mbali zaidi kuliko mwanzo.

Barabara inawatoa nje ya mji na kuwarudisha mji ule ule, au mwenzake, maana sasa vitu vyote viko upande wa pili, bomba la kuingia liko kushoto na chupa iko mkono wa kulia. Fanya huyu, anasema kiongozi. Mia saba. Shafti inatoa mia sita na hamsini, hamsini iko wapi? Sifuri, anaandika Tusekile. Nani kakuambia? Ukuta unanenepa. Wanatoka, wanarudi, wanatoka tena, na kila mji una vichochoro vyembamba kuliko ule uliotangulia, mpaka mabega yake yanagusa pande zote mbili, na kuta hazina baridi wala joto, hazina chochote, ni kama kugusa mkono uliolaliwa ukafa ganzi. Mbona huniambii jibu? anauliza Tusekile. Kiongozi anasema, Ulipochora mstari wako, wewe ulisimama ndani au nje? Nilichora kuuzunguka mtambo, anasema Tusekile, mimi simo kwenye swali. Kiongozi anapungua, ovaroli inalegea na kukaa chini bila mtu ndani yake, na pale alipokuwa amesimama pana mlango wa mbao wenye masizi pembezoni, mlango ambao Tusekile angeujua hata akiwa amefumba macho.

Ni jikoni kwao. Mwanamke amempa mgongo, amejifunga kitenge cha kijani kiunoni, anakoroga kitu kwenye sufuria na hageuki. Umekonda, anasema. Huko chuoni hamli? Tunakula mama, anasema Tusekile. Kula gani huko, anasema mama yake, mtu anabaki mifupa. Na hiyo ni chupa yangu? Ndiyo mama. Umeifungua? Tusekile anatazama kifuniko. Sijaifungua, anasema, naogopa itapoa. Mama yake anacheka kile kicheko chake cha puani. Itapoa, ndiyo, mwanangu. Chai ikae miezi yote hiyo isipoe, imekuwa nini? Lakini ni chupa, anasema Tusekile, na anajisikia akibishana kama alivyokuwa akibishana zamani, kwa raha ya kubishana tu. Chupa haipitishi joto, mama, ndiyo maana ikaitwa chupa ya chai. Nani kakuambia? anauliza mama yake. Ishike ubavuni. Si pale kwenye mshikio, ubavuni.

Tusekile anaweka kiganja juu ya maua ya chupa. Mwanzo hapana kitu. Anasubiri, kwa sababu hapa jikoni hakuna anayemharakisha, na polepole, kwa mbali, anausikia uvuguvugu. Ni kidogo sana, mtu mwenye haraka asingeujua. Inavuja, anasema. Inavuja, anakubali mama yake, ilivuja tangu siku ya kwanza, nilikupa chupa, sikukupa jiwe. Joto linakwenda wapi, mama? Aa, mimi sikusoma hayo, wewe ndiye mhandisi. Anaendelea kukoroga. Tusekile anatazama huku na huku akitafuta, na anaona dirisha dogo la jikoni limefunikwa ukungu wa mvuke, na maji yanatiririka kwenye kioo, na ukuta karibu na mafiga umekolea joto la miaka, na hewa yote aliyosimama ndani yake ina joto, naye amekuwa akiivuta tangu alipoingia. Kwa hiyo halijaisha, anasema. Lipo. Ila haliko tena ndani ya chupa. Tusekile anataka mama yake ageuke, anautaka ule uso kuliko alivyotaka kitu chochote tangu masika, na kutaka huko kunauma, na anagundua kwamba kunauma. Mama, geuka kidogo, anasema. Fanya hesabu yako, anasema mama yake kwa upole, watu wanakusubiri. Tusekile anapiga magoti, anachora mtambo sakafuni, anachora mstari wa vipande vipande kuuzunguka, kisha anachora mshale unaoukata ule mstari kutoka ndani kwenda nje, na pembeni anaandika hamsini, na mbele ya hamsini anaweka alama ya kutoa, maana hivyo ndivyo linavyoandikwa joto lililoondoka. Anaponyanyua kichwa kumwonyesha, mkono umeshamshika bega na unamtikisa.

Amka we, watu wanaingia, anasema Nyamizi. Tusekile anaokota penseli na kumfuata. Wanatembea, naye anatazama chini muda wote, na njia ya kwenda ukumbini imejengwa kwa vipande vya saruji vyenye nafasi katikati, hajui kama siku zote ilikuwa hivyo. Ukumbini wote wameinamia madawati na hakuna uso unaoonekana, visogo tu. Vioo vya madirisha vinamwonyesha yeye akitafuta namba yake. Anakaa. Anafunua karatasi. Swali la kwanza ni mtambo wa mvuke, mvuke unaingia na nishati ya elfu tatu na mia mbili, unatoka na elfu mbili na mia tano, shafti inatoa mia sita na hamsini, na Tusekile anasoma mpaka mwisho kabisa wa swali, polepole, akilitafuta lile chukulia. Halipo. Swali linauliza tu, eleza hatima ya nishati yote.

Anachora mstari, akiukodolea macho usije ukatoka tena kwenye karatasi, na mstari unarudi ulikoanzia. Anachora mshale unaoukata. Anaandika hamsini na alama yake. Kisha tone linaangukia juu ya hamsini na karatasi inalowa na kutanuka, na jingine linafuata, na Tusekile anaona ajabu kwamba paa la ukumbi linavuja wakati wa kiangazi, mpaka tone la tatu linapita mdomoni mwake na lina chumvi. Anajifuta kwa kiganja, na kiganja kina uvuguvugu, ule ule wa ubavuni mwa chupa. Viatu vya msimamizi vinakuja taratibu kati ya madawati na kusimama kando yake. Juu ya viatu kuna suruali ya ovaroli, au ni suruali ya kaki tu. Unaumwa, binti? Hapana. Una nini basi? Tusekile anafungua kinywa kusema hana kitu, kama alivyosema miezi yote hii, na neno hilo halitoki. Nimefiwa, anasema. Mama yangu amefariki. Pole sana, mwanangu, inasema ile sauti, kisha mkono unaweka karatasi mpya juu ya ile iliyolowa. Andika jibu tena hapa, lilivyo hivyo hivyo. Tusekile anaandika, machozi yanamtoka naye anaandika, mtambo, mstari, mshale unaokwenda nje. Viatu bado havijaondoka, na yeye hainui kichwa kutazama kama kuna uso.