Picha ya Wabeba Makaa

Kiprono ni kijana mzuri, sina neno naye, ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye na zawadi yake.

Alikuja kwetu Merrylands, huku ugenini tulikokimbilia, na wazee wake wa Kikenya kumposa binti yetu Nsimire. Msemaji wetu alikuwa shemasi Wilondja. Baada ya chakula Kiprono akasimama, akafungua karatasi, akatoa picha kubwa, nakala ya mchoro wa zamani wa Wafaransa. Mto wa zambarau, moshi, mashua za makaa ya mawe, na wanaume wakipita juu ya ubao mwembamba na vikapu mgongoni. Hawana nyuso, mchoraji kawagusa brashi mara moja moja, basi. Wageni wakasifu mwanga majini. Mimi niliona migongo tu.

"Baba," Kiprono akamwambia mume wangu Mirindi, "Nsimire aliniambia vile ulibeba magunia kule bandari ya Kindu ndio asome. Nikiona hawa watu, nakuona wewe. Nakuheshimu sana."

Masikini, alisema kwa moyo safi! Lakini kanisa letu zima linamwita mume wangu Chef, kwa sababu alisema alikuwa mkubwa wa bandari ile. Uongo huo tumeulea pamoja, na sioni haya. Mtu vita vimemnyang'anya kila kitu, aachiwe walau cheo. Ukweli tuliujua sisi watatu tu wa nyumba hii.

Wilondja akaangua kicheko. "Ah, Chef! Kumbe ulikuwa mubebaji?"

Mirindi akajishika nyuma ya shingo, pale magunia yalipomwachia nundu. Aliitazama picha, kisha akamtazama binti yake.

"Papa, sorry," Nsimire akanong'ona.

Mzee Kipchumba, ami yake Kiprono, hakuelewa lolote. "Haya wazee, sasa tuongee mahari."

"Ya dot, hiyo mahari, siombi kitu," Mirindi akajibu taratibu. "Hata mbuzi moja. Mumubebe leo hii, muende naye."

Wakenya wakaruka kwa furaha. Vigelegele, makofi! Kipchumba akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa baba aliyeokoka kweli kweli. Wangejuaje? Kwetu kule Kindu, baba anayekataa mahari amemkataa mtoto.

Nsimire alijua. Alipiga magoti, akashika miguu ya baba yake akilia, naye Mirindi akatazama pembeni. Moyo wangu ulikatika.

"Binti ana adabu huyu," wageni wakasema.