Vali Zilizofutika Namba

Tangu baba azikwe, mama hajapata usingizi wa maana. Husinzia kitini, kichwa kikidondoka na kuinuka, na akiambiwa aende kitandani husema chumba kimekuwa kimya mno. Kitinda mimba wake, aliyemuuguza baba mpaka mwisho na kuchoka hadi kwenye mifupa, alimwelewa. Baba alikuwa fundi redio, na amplifaya yake kuukuu, yenye redio ndani, ilinguruma ukumbini kutwa kucha, haizimwi. Sasa nayo ilikuwa imekufa, kana kwamba imemfuata mwenyewe.

Kaka mkubwa alishasema: Jumamosi angekuja na kigari kuipeleka kwa watu wa chuma chakavu. Si kwa ubaya, alisema, ila mzoga huo umeshamtoa ngozi ya ugoko mara nyingi mno.

Jumamosi asubuhi, kabla hajafika, kitinda mimba akatandaza gazeti mezani, akazichomoa vali moja moja, zile taa ndogo za kioo zinazoipa amplifaya uhai. Miguu ya vali hizo, vile visindano vya chini, ilikuwa imeota kutu ya kijani. Wakati wa ugonjwa paa lilivuja, na nani alikuwa na macho ya kuangalia redio? Kazi hiyo alimwona baba akiifanya tangu yeye hajaanza shule: mswaki mkuukuu, spiriti kidogo, mguu mmoja baada ya mwingine bila pupa, kwa kuwa ukiupinda, kioo kinapasuka pale unapochomoza. Palipokaidi akakwangua kwa njiti ya kiberiti. Vidole vikafa ganzi. Akashtuka kujikuta amefumba macho, vali ingali mkononi.

Mama akamwambia apumzike, kazi hiyo si ya kujiulia. Akajibu kwamba akipumzika, kigari kitamkuta.

Miguu ilipong'aa yote, akaona haya kuzirudisha vali na vumbi lake. Akalowesha kitambaa, akapangusa na vioo, taratibu, kama alivyokuwa akimfuta baba uso. Alipomaliza ndipo akaona kitambaa kimeingia weupe. Namba zilizochapwa kwenye vioo, ambazo baba hakuruhusu mtu aziguse hata kwa kidole, zilikuwa zimefutika. Kubwa zilijitambulisha kwa umbo. Ila ndogo mbili zilifanana kama pacha, na kila moja ina tundu lake la kuchomekwa.

Akamweleza mama. Mama akazigeuzageuza kiganjani.

"Hizi alizijua mwenyewe, mwanangu. Mimi nilikuwa nasikiliza tu."

"Nikikosea, mama, itaungua."

"Kaka yako yuko njiani kuibeba. Chomeka, uwashe."

Akachomeka kwa kubahatisha, akawasha. Vali zikapata wekundu mdogo. Akazungusha kitufe upande huu, akazungusha upande ule: hakuna mtangazaji, hakuna muziki. Spika ilitoa mngurumo mzito tu, usiopanda wala kushuka. Akajua amezibadilisha, akanyoosha mkono azime, azipange upya. Mama akaushika mkono huo.

"Iache."

Kaka alipoingia, kamba begani, alisimama akisikiliza.

"Sasa hapo umetengeneza nini? Inanguruma kama tumbo la mwenye njaa."

"Punguza sauti, kaka."

Kaka akageuka. Mama alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemvuka, kiganja kimeegemea ubavu wa spika. Hakusinzia, alilala hasa, hata pumzi ilikuwa na kishindo.

Kaka akaishusha kamba polepole isigonge sakafu.

"Na wale wa chuma niwaambie nini?"

"Waambie inatumika."

Kaka akapiga magoti, akamvua mama kile kiatu cha pili. Mdogo wake alitaka kumshukuru, lakini kichwa kilishamshinda. Akakilaza juu ya gazeti, kati ya mswaki na chupa ya spiriti, akausikia mngurumo ukipanda kupitia mbao za meza mpaka shavuni.