Kichwa cha Nyapara Boga

Mwaka ule wa arobaini na sita, vita vimekwisha na sukari bado haijaonekana, mimi Ngowa nilikuwa na mkasi mkali kuliko ulimi wa mke wangu. Naandika hivi bila hofu kwa kuwa Kanze hasomi.

Siku za kazi nilikuwa kibarua wa kupakua meli Kilindini. Jumapili nilikata vichwa. Niliwahi kufagia studio ya Mhindi mmoja mpiga picha, naye picha zilizoharibika alinipa nikawashie moto. Sikuwasha. Nilizikata, nikazibandika kwa gundi ya unga wa muhogo juu ya picha za magazeti, kila maarufu kwa maana ya jina lake. Kafedha, mwimbaji wa Likoni, nilimchungulisha kwenye tundu la senti kumi. Charo, kipa wetu wa Changamwe, nilimkalisha juu ya sanduku la bati, maana kwetu charo ni safari, na mabao yalikuwa yakimpita kama abiria waliochelewa gari. Zote nilizitundika kwa Thoya kinyozi. Watu walicheka hata mteja mmoja akaondoka na nusu ndevu, akakumbuka nusu ya pili baada ya wiki tatu.

Kisha nikamfanya Boga.

Boga alikuwa nyapara wetu. Kila asubuhi vibarua mia mbili tulisimama langoni, naye akanyoosha kidole: "Wewe. Wewe. Wewe hapana." Kidole kikikuruka, kwako hakupikwi. Nilikuwa na picha ya manyapara waliyopigwa vita vilipokwisha. Hata mimi nilijipenyeza nyuma, pembeni kabisa. Kichwa chake nikakikata, nikakiweka juu ya boga nono lenye kidole kimoja kinachochomoza. Kazi ilikuwa rahisi. Shingo hakuwa nayo tangu mwanzo.

Jumatatu foleni nzima ilikuwa ikikohoa kicheko. Boga akaja mpaka kwangu.

"Ngowa. Nasikia umenipanda shambani."

Akilini nikaona sufuria ya Kanze imefunikwa kifudifudi. Mtu akiona hivyo, uongo humjia wenyewe.

"Usikasirike, mtani wangu! Kwani hukujua? Babu yangu ndiye aliyemzika babu yako."

Foleni ikasogea kusikiliza. Kwetu mtani hukutukana hata msibani, na ukimkasirikia unatozwa mbuzi, tena unachekwa.

"Alimzika babu yangu?" akauliza Boga.

"Kwa mikono yake miwili."

Akaniangalia kitambo, kama mtu anayepima gunia kwa macho. "Basi karibu, mtani. Ingia kazini."

Wiki tatu kidole hakikuniruka. Nikawa natembea Changamwe kifua mbele, nawaambia watu mkubwa hutulizwa kwa akili. Asubuhi moja Boga akaniita mbele ya wote.

"Mtani, shangazi yangu kafariki Magogoni. Sululu na mtaimbo viko tayari."

Hapo ndipo nilipokumbuka upande wa pili wa utani: mtani ndiye mchimba kaburi.

Nilipita nyumbani kumuaga Kanze. "Si ulisema mtani?" akasema, hata kuinua macho hakuinua. "Nenda ukautanie mwamba."

Na ulikuwa mwamba kweli. Magogoni ile, ukifukua dhiraa moja, unakuta jabali ambalo hata gharika ya Nuhu haikulilainisha. Mtaimbo ukapinda mara mbili. Boga akaletewa kiti, akaketi ukingoni na bakuli la pojo.

"Chekesha, mtani! Mtani huchimba akichekesha. Waliofiwa wanangoja."

Nikatafuta mzaha kichwani, nikakuta vumbi. Nikasema kitu kuhusu mbuzi. Hakucheka mtu. Bibi mmoja akasema nimewaongezea msiba.

Jua lilipokuwa utosini, Boga akainama, akaninong'oneza: "Babu yangu alizama Takaungu, Ngowa. Mpaka leo hajazikwa na mtu."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Lakini shangazi alikuwa hoi, na wachimbaji siku hizi ni wa shida." Akalamba kijiko. "Ongeza kina."

Niliporudi Changamwe siku ya tatu, viganja vimechunika, nilikuta kwa Thoya picha mpya katikati ya ukuta. Uso wangu, ule wa pembeni kwenye picha ya manyapara, umebandikwa juu ya panya buku anayefukua shimo. Kazi safi, nakiri. Hata mpaka wa shingo haukuonekana.

"Kaileta Boga mwenyewe," akasema Thoya. "Kasema ukikasirika ni mbuzi."

Sikukasirika. Nilicheka mpaka meno yakaniuma.

Kazi nilipata kila siku, mpaka nilipostaafu. Kidole kilianzia kwangu. Isipokuwa siku za msiba tu. Na ukoo wa akina Boga ulikuwa na wazee wengi, nao wote, sijui waliambizana nini, wakaanza kuugua mwaka ule ule.