Ua Lisilotaka Kuguswa

Ibtisam alikuwa anakuja Jumamosi, na ua la baba yake lilikuwa halijatoka.

Kila kitu kingine kilitoka. Viazi vya jirani yangu Avtar vilishatoa majani, magugu yalinifika magotini, hata mnanaa niliodhani umekufa ulianza kunukia. Mahali pa ua la Soud palikuwa udongo mtupu. Nilisimama pale asubuhi kabla ya kazi, na nikitoka kazini nilipitia tena, vumbi la plasta kichwani. Udongo ule ule.

Soud ni kaka yangu, baba yake Ibtisam. Alikuwa dereva wa malori Nebraska, katikati ya Marekani, nyika ambayo alisema unaendesha siku nzima usione mti wa kujisaidia nyuma yake. Alipougua alikuja kwangu Ilford na begi moja na soksi yenye mbegu ndani. Ni mbegu za ua la nyika ile, la rangi ya machungwa, vipepeo wanaligombania. Aliziweka kwenye friji majira yote ya baridi, ndani ya mchanga mbichi, kwa sababu zisipoonja baridi haziamki. Mke wangu Mwanamwema nusura azimwage akidhani ni ufuta ulioharibika.

Tulizipanda kwenye kishamba ninachokodi kwa kaunsili, halmashauri ya mji. Ulitoka mche mmoja. Soud alikaa kwenye kiti cha plastiki akanipa sheria. Usitie samadi, ua hili limezoea udongo wa kimaskini. Usilimwagie maji maadamu limesimama. Usilihamishe, mzizi wake unakwenda chini kama muhogo, ukikatika basi.

"Na wewe ndiye utakayeliua," alisema. "Huwezi kukaa bila kugusa kitu."

Alikufa kabla halijachanua. Lilichanua kiangazi kilichofuata, nikampelekea Ibtisam picha. Yeye alikuwa bado kule, na karatasi zake zilikuwa hazijakamilika. Angetoka Marekani asingeweza kurudi. Hakumzika baba yake. Sasa amezipata, na kwenye simu alisema hataki kupelekwa makaburini kwanza. Anataka ua. Lile alilolipanda baba yake kwa mkono wake.

"Linaendeleaje, ami?"

"Zuri," nikasema.

Halikuwa zuri. Novemba lilikauka, vikabaki vijiti vyeusi. Kwetu Wete, Pemba, uwanja unafagiwa kila asubuhi mpaka ardhi ing'ae, na vijiti vikavu vikisimama mbele ya nyumba watu wanasema humo ndani hamna mtu. Nikavikata usawa wa ardhi, nikafagia. Nilipomaliza nikaona kazi nzuri.

"Sasa utajua iko wapi?" Avtar akaniuliza.

"Nitajua."

Sikujua. Nilikuwa najua kama hatua mbili hivi, upande wa uzio wa waya. Zaidi ya hapo, basi.

Avtar ana kishamba jirani. Kalasinga wa Kisumu, fundi umeme mstaafu, na tunagombana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Ijumaa alinikuta nimesimama pale pale.

"Bwana Mpemba, hiyo udongo umeitazama mpaka itaona haya."

"Shughulika na viazi vyako."

"Nunua ingine. Kwa duka ya maua iko. Chimba, weka, huyo msichana atajua?"

"Soud atajua."

"Soud amekufa."

"Ndiyo maana."

Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, nikainywa nimesimama.

"Keti basi, wewe. Unanichosha."

"Siketi."

Simu yake ikalia, akaenda kuongea getini, kule anakopata mtandao.

Kwetu huung'oi muhogo ili kujua kama umekomaa. Unaparura udongo pembeni, unaingiza vidole, unapapasa. Ukitaka unavunja mmoja, unafukia, na shina halijui kitu. Mama alitufundisha sote. Nikajiambia hii si kugusa. Hii ni kuchungulia.

Nikapiga magoti. Nikaparura. Lakini udongo wa Ilford si mchanga wa Pemba, ni wa mfinyanzi, umeshikana kama plasta iliyokauka, na kucha zangu zilifika pale zikakwama. Nikachukua jembe. Nililishika karibu na chuma, nikagonga kidogo tu. Hapa hamna. Hapa hamna. Nikagonga na hapa.

Tak.

Mzizi ulikuwa mnene kuliko dole gumba langu, mweupe ndani, una maji. Kile kipande cha juu kilikuja chenyewe mkononi. Na kileleni mwake kulikuwa na vichipukizi vitatu vyekundu, vimeinama bado, vimebakisha pingili moja ya kidole kufika juani.

Ungenipiga ngumi ningeshukuru. Nikakifunga kwenye leso yangu, nikailowesha, nikatia mfukoni. Avtar alirudi akaliona shimo. Mtu yule ana mdomo, lakini siku ile alinimiminia chai nyingine tu.

Jumamosi nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Heathrow. Paji la uso ni la Soud. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza cha Kimarekani, nami nayaandika maneno yake kwa lugha yangu. Kwenye treni alizungumza, nami nilifungua na kufunga zipu ya jaketi langu. Nilimwambia twende nyumbani, Mwanamwema amepika. Akasema kwanza ua. Tukaburuta sanduku lake mpaka kishambani.

"Nimelivunja," nikamwambia pale getini.

"Lini?"

"Jana."

Akapita, akaliona shimo, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Akalia. Mimi nikazunguka kibanda, nikang'oa gugu, nikazunguka tena.

"Baba alikwambia usiguse," akasema.

"Aliniambia."

"Alikwambia utaliua."

"Na wewe alikwambia hivyo?"

"Ami, alimwambia kila mtu."

Nyuma ya waya Avtar alipaliwa na chai yake. Ibtisam akamtazama, na kicheko kikamtoka huku machozi yanashuka. Sikucheka. Nikatoa leso mfukoni nikampa.

Akaifungua polepole. Aliviangalia vile vichipukizi, havijanyauka. Akasema kule nyumbani baba yake alipochimbia nguzo za uzio alikata mizizi ya maua haya, na mengine yalitoka tena. Si yote.

"Mangapi?" nikauliza.

"Si yote, ami."

Akapiga magoti na nguo zake za safari, akakirudisha kipande juu ya mzizi wake, vichipukizi vikitazama juu, akaufukia kwa viganja. Avtar akampa vijiti viwili vya kunde zake. Akavichomeka huku na huku.

"Hivi havikatwi," akaniambia. "Hata vikiwa vibaya."

"Na maji?"

"Ami."

Atakaa kwetu mwezi mzima. Alisema atakuja hapa kila asubuhi, na mimi nikitaka nije, lakini mikono mitupu. Nikachukua jembe langu nikampitishia Avtar juu ya waya.

"Lifungie kwako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ua litoke."

"Na ukija kuomba?"

"Usinipe. Hata nikikulilia."

"Hiyo nitafurahi sana," Avtar akasema, akaenda kulifungia.

Ibtisam akasimama, akanionyesha kiti. Nikaketi. Miguu ilikuwa inacheza yenyewe.