Mfuko Laini wa Mwanakhamisi

Wifi yangu Mwanakhamisi haambiliki. Pale kwetu Soweto, Mbeya, anatengeneza mifuko ya karatasi kwa mkono: analoweka makaratasi, anayatwanga kwenye kinu, kisha anaanika rojo juu ya wavu. Mifuko ikichakaa anairudisha kinuni. Kwake rojo ni kama unga, likirudiwa sana ndiyo linapendeza. "Shika hapa, laini kama shavu la mtoto," ananiambia, na mimi nanuna, maana kinu ni changu.

Jirani yetu Tusekile, anayemsokotea vipini vya mifuko kwa nyuzi za mgomba, alimshauri achanganye nyuzi hizo kwenye rojo. "Dada Mwana, hii karatasi umeitwanga mno. Imechoka."

Mwanakhamisi alicheka mpaka akashika mbavu. "Karatasi nayo inachoka?"

Mwanawe Habibu alipopata mchumba Iringa, tukapeleka vitu vya bibi harusi. Vilikuwemo vikombe vya marehemu mama yake Mwanakhamisi, kitu pekee alichoachiwa. Alivitia kwenye mfuko laini kuliko yote, wa rojo lililorudiwa miaka na miaka, akavipakata njia nzima.

Nyumbani kwa bibi harusi, Shufaa, kanga zilionyeshwa moja moja, vigelegele vikapigwa. Ikaja zamu ya vikombe. Mwanakhamisi akasimama, akauinua mfuko juu kila mtu aone.

Kitako kikafumuka.

Mungu wangu! Vigelegele vilikatikia kooni. Vikombe vyote vilivunjika sakafuni, na yeye bado amenyoosha mkono, ameshika vipini vya Tusekile, vizima kabisa.

Shufaa aliokota kipande cha mfuko, akakivuta kidogo tu. Kikaachana bila hata uzi mmoja kuning'inia.

"Mama, nyuzi za karatasi hii zimekatikakatika," akasema taratibu. "Hazishikani tena."

"Lakini karatasi ni ile ile," Mwanakhamisi alinong'ona. "Mwaka juzi ilibeba viazi!"



Shangazi yake Shufaa, kwa wema tu, akamletea mfuko mwingine kati ya ile tuliyokuja nayo, atilie vigae. Mwanakhamisi aliutazama, akarudi nyuma. Kisha akavua kanga aliyojitanda, akaitandaza sakafuni, akaanza kuokota.